Robo ya Njombe

Nyuma ya risiti ya luku, oda ya nyumba nzima.
Eliamani: robo ya ile ngumu ya Njombe, isiwe na mbwembwe.
Chini yake, kwa penseli, Ndeshi:
ya vipande, kila kimoja na nailoni yake.
Mama mkwe hakuandika. Alisema tu
mwenye akili zake hawezi kula kitu kinachoitwa chizi.

Mimi hakuna aliyeniuliza.

Mwenge, saa tano, friji la kioo linakoroma.
Ya Njombe imepanda elfu mbili tangu Pasaka.
Ya vipande ni mafuta na rangi, nimesoma,
lakini ndiyo inayoushusha mkate wa shule.
Kijana wa kaunta ananinyooshea kijiti:
"Onja ya mbuzi, dada."
Chumvi kwanza. Halafu ukali kidogo,
kama neno ulilolimeza ukweni
likarudi likiwa tamu.
Naomba tena. Naomba na ya tatu.
Nanunua za watu.

Tabata, umeme umekatika tangu adhuhuri.
Friji kimya; kitakachobaki hakitaamka salama.
Basi tunakula yote, kwa mshumaa,
Eliamani akikata vipande vinene, amenuna,
Ndeshi akibandua nailoni.
Mama mkwe anageuza ndizi mkaani,
anaweka kipande juu, anakitazama kikilegea.
Anakula. Anaweka kingine.
"Hii chizi yenu," anasema,
akinimegea nusu bila kunitazama,
"wewe hasa unapenda ipi?"