Unga Kichwani

Nilikuwa na miaka ishirini na tisa
na unga wa ngano ulikuwa bei ya kutupa.
Nikajimwagia kichwani vikombe viwili,
nikafunga kitenge cha marehemu mama,
mwiko mrefu wa kukorogea mbege ukawa mkongojo,
nikakohoa.

Hivyo ndivyo alivyozaliwa Bibi Kiburu,
uani kwetu Pasua, saa nne asubuhi,
simu imeegemezwa kwenye debe la mafuta
na jogoo wa jirani akiingilia kila sentensi.

Bibi Kiburu alimtukana mkwe kwa heshima,
alihesabu ndizi za mkungu wa msiba hadharani,
alimdai padre chenji ya sadaka.
Watazamaji laki moja kwa wiki. Laki tatu.
Wauza mitumba wa Memorial waliniita kwa jina lile:
"Bibi, magoti yanasemaje?"
Nami naruka mtaro mbele yao, hop,
wanacheka mpaka wanaangusha henga.

Magoti sasa yanasema.

Juzi nilikwenda benki kuomba mkopo wa bati.
Kijana wa dirishani, Elisante, kibao kifuani,
alinisalimia kwa sauti ya Bibi Kiburu.
Amekua akinitazama. Ananiiga
vizuri kuliko ninavyojiiga mimi leo.
Kisha akageuza fomu.

Mwajiri: nikaandika, watazamaji.
Akafuta, kwa upole.
Mapato ya mwezi: nikamwonyesha Machi.
Akaomba kuona Aprili.
Mwaka wa kustaafu:
hapo tukatazamana.

Kaka yangu Ndekirwa alistaafu kiwanda cha sukari Desemba.
Walimpa godoro, saa ya ukutani
na hotuba iliyokosea jina lake mara mbili.
Aliyerekodi ni mimi, mkono mmoja nimeshika kamera,
mwingine sahani ya pilau,
na wivu nikauona hata kwa lile kosa:
angalau kuna mtu alisimama, akashika karatasi,
akasema, basi, inatosha, nenda nyumbani.

Mimi nani ataniambia?

Sisi wa mlimani tunaujua mfongo.
Maji yakikatika huyaulizi mawingu,
unabeba jembe, unapanda, unatafuta
ni nani huko juu kayageuzia shambani kwake,
mnagombana, mnanywa, maji yanarudi.
Nimepanda. Miezi minane nimepanda.
Huko juu hakuna mtu.
Kuna mtambo, na hauna mlango wa kubisha hodi.

Nkamangi, mtoto wa dada, ana kumi na tisa
na wafuasi wengi kuliko kata nzima.
Ananifundisha akiwa anakula, haangalii hata sahani:
"Mama mdogo, watu hawangoji ukohoe.
Anza na kuanguka."
Nikamwambia, mwanangu, nikianguka mimi
hiyo siyo video, hiyo ni Mawenzi, wodi ya mifupa.
Akacheka sana.
Akaniomba niirudie, airekodi.
Ikaenda kwake. Laki mbili na nusu.

Jumamosi nikanunua piko, soko la Mbuyuni.
"Tunaficha mvi, mama?" akauliza muuzaji,
na mimi, mwanamke niliyelishwa na mdomo wangu
miaka kumi na mitano,
sikuwa na jibu la kuchekesha.

Maana siku hizi siuhitaji unga. Ndiyo shida.
Mvi zilizoota zenyewe hazimchekeshi mtu:
anaona mama wa watu, amechoka,
anaongea peke yake na simu.
Ili nizeeke mbele yao
sharti kwanza niwe kijana.

Nimepaka. Nimesuuza mara mbili, beseni limekuwa wino.
Kichwa cheusi tii, cha ishirini na tisa,
juu ya shingo isiyokubaliana nacho.
Nikafungua pakiti ya ngano, bei yake siisemi.
Kikombe kimoja tu, tena nusu, tukumbuke na chapati.
Simu iko kwenye debe.

Nikakohoa.
Jogoo ni mwingine,
lakini naye anaingilia.