Saa za Mize

Kesho unasimama peke yako, Saumu,
na mimi sitakuwapo kukukanyaga mguu chini ya meza.
Nisikilize basi, sauti ingalipo.
Mafua ya Newport hayana adabu.

Barua ya kunyimwa viza isome mara tatu.
Mara ya kwanza utakasirika. Kasirika, umalize.
Mara ya pili tafuta sentensi iliyobeba nyingine zote:
nyumba ina mhimili mmoja, mengine ni kukandika.
Mara ya tatu isome kama wewe ndiye uliyeiandika,
Ijumaa, saa kumi jioni, mafaili arobaini mezani
na mtoto hajachukuliwa shuleni.
Ukishamhurumia mwandishi
ndipo utakapoona alipochokea.

Faili la Kombo lilikuwa na sentensi hii:
mazungumzo ya mwombaji na mumewe ni mafupi,
ya kujirudia, hayaonyeshi mapenzi.

Kombo hufunga mikate usiku kucha
katika kiwanda kilicho ng'ambo ya mto.
Mize yuko Wete.
Meseji mia tatu na kumi na moja,
na karibu zote neno moja:
Umekula?

Mwakilishi wa serikali alizisoma kwa Kiingereza, taratibu,
kama mtu anayehesabu chenji.
Kwa Kiingereza neno lile lilikuwa baridi,
swali la nesi mwenye fomu mkononi.
Mkalimani aliinamisha kichwa.
Hakuruhusiwa kusema alichokijua.

Nilikuwa na hotuba, Saumu. Kurasa nne.
Ndani yake mila, desturi, hata methali mbili.
Niliiacha mkobani.
Jaji hana haja ya kuwapenda watu wetu.
Ana haja ya namba ya ukurasa.

Maana usiku wa kuamkia siku ile, jikoni kwangu,
nilikuwa nimechoka kusoma maneno, nikaanza kusoma saa.
Majira ya baridi yote, Umekula? inatoka Wete
saa moja usiku, dakika mbili kabla au baada.
Jumapili ya mwisho ya Machi
Uingereza ikasogeza mishale ya saa zake.
Pemba jua halikuambiwa.
Lakini tangu siku ile Umekula? ikatoka
saa kumi na mbili jioni,
kiangazi chote, hadi Oktoba, ikarudi.
Miaka miwili hivyo. Hakukosea hata wiki moja.

Niliuliza maswali mawili tu.
Bwana Kombo, wewe huamka saa ngapi?
Saa kumi alasiri.
Na yeye hula saa ngapi?
Akatazama mikono yake, unga bado kwenye kucha.
Nikishaamka, akasema.

Nikasema: Mheshimiwa, ukurasa wa themanini na nane,
safu ya kushoto.
Nikakaa.

Hilo ndilo gumu, kukaa.
Ulimi unawasha, unataka kupamba.
Jaji alishuka na kalamu safu nzima, akasimama,
akarudi juu, akahesabu upya.
Kimya kile sikukijaza. Kilikuwa chake.

Usiniulize kama tulishinda.
Ukijua mwisho utaiga maneno, hutaiga kazi.

Na jambo jingine: kama mteja wako amechelewesha karatasi,
liseme wewe, kabla hawajalisema wao.
Nilipoteza kesi nzuri kwa risiti ya gesi
niliyodhani hakuna atakayeiona.
Yule mama alinishukuru mlangoni, akanishika mikono miwili.
Laiti angenitukana.

Mlango hufunguliwa saa tatu asubuhi.
Beba nakala tatu, na kalamu isiyovuja.
Muulize mkalimani jina lake, ulitamke sawasawa.

Na sasa hivi, Saumu, umekula?
Kesho usiitegemee ile mashine ya chai ukumbini:
yenyewe hula sarafu, haitoi kitu.