Nusu kwa Nusu

Dawa nyeupe ina pupa:
humlaza mtu, ikataka na pumzi zake.
Ile isiyo na rangi huja taratibu, huacha mlango wazi.
Nazipa kila moja nusu ya haki yake.

Tampere, theluji dirishani.
Veikko, fundi wa kuchomelea vyuma,
mikono mizito juu ya shuka.
"Asilale fofofo," asema Daktari Rautio,
kamera imeshaingia puani. "Nataka akorome."

Tone. Tone.
Kifua kinapanda.
Kimya: tisa, kumi, kumi na moja,
kidole changu ki tayari kwenye bomba.
Mara koo likanguruma,
kimio kikapepea kwenye skrini.

Nje, Helvi akaacha kufuma.
"Ndiye," akamwambia mfagiaji.
"Miaka thelathini na mbili
hizo sekunde nazihesabu peke yangu."