Zigizaga

Huanza na mshono.
Mshono wa zigizaga, mweupe, unaometa,
pembeni mwa jicho la kushoto,
anaushona fundi nisiyemjua
na uzi wake hauishi.

Hapo nina dakika ishirini.
Nafunika cherehani, namwambia mteja arudi kesho.
Lakini mwezi huu nilijikaza: mama mmoja wa Nkuhungu,
gauni la kipaimara cha mwanawe.
Nampima kifua, nikainua macho,
shavu lake la kulia halikuwepo.
Sikumwambia.
Utaanzaje kumwambia mtu hana shavu?
Nikaomba ile... ile ndefu, yenye namba,
nayo imening'inia shingoni mwangu.

Kisha kinapanda.
Waliokiita kipandauso walikijua.
Kinapanda kwa kucha, toka kisogoni, kinashika nyusi,
kinakaa juu ya jicho kama mwenye nyumba
aliyefuata kodi.

Na Dodoma nayo, Oktoba!
Jua linapiga bati, bati linampa ukuta,
ukuta unanikabidhi mimi.
Upepo unazoa vumbi jekundu na harufu za mtaa mzima.
Nimelala gizani Chang'ombe, kanga usoni,
najua Mama Chilewa kakaanga kitunguu,
najua nani kaunguza mlenda,
na kila sufuria nailipia kwenye ndoo.

Mama mkwe alikuja kutoka Mpwapwa, akasema:
"Sisi tulilima uwele na vichwa vikituuma."
Ni kweli, mama. Mlilima.
Shemeji anasema ni maji. Nayanywa.
Hospitali walinipiga picha ya kichwa, ikatoka safi.
Nikarudi na bahasha kama mtoto aliyefeli,
sina cha kuwaonyesha.
Kuna siku nimetamani plasta. Uvimbe. Chochote.

Ukuta kwa ukuta nami yupo Mbeleje,
mchomelea mageti, na grenda yake.
Siku hiyo nilimfuata, nimejifunga kitenge kichwani,
nikashika mhimili wa mlango.
Maneno niliyoyapanga yalikwisha njiani.
Nikamuuliza tu, umewahi kuchomelea bila miwani?
Akacheka. "Mara moja. Nikiwa najifunza, Kibaigwa.
Usiku ule nilidhani nimemwagiwa mchanga wa moto machoni.
Nililia, Sechelela. Mwanaume mzima,
nimefungwa vipande vya viazi."

Basi uhamishie ndani ya fuvu, nikamwambia.
Upande mmoja. Siku mbili. Mara tatu kwa mwezi.
Na ukitoka nje watu wakuulize
jana ulikunywa nini.

Hakusema pole.
Alitazama mashine yake kama mbwa aliyemng'ata mgeni.
"Na hii grenda?"
Hiyo grenda, nikasema,
nikakaa chini palepale kwenye vumbi la chuma.

Tangu siku hiyo nikitundika kitambaa cha bluu kwenye komeo
anachomelea tu, hakati.
Siyo kila mara. Mageti yana wenyewe,
na wenyewe, mji huu, wana haraka.
Wiki jana alikata nusu saa nzima,
akaja dirishani kunong'ona:
"Nisamehe, ni geti la mheshimiwa."
Nikacheka. Kucheka kukaniuma hadi kwenye meno.

Siku ya tatu naamka
kichwa chepesi kama kibuyu kilichosuuzwa,
naogopa kukitikisa.
Natoa kitambaa.
Sijafika kwenye kiti, grenda imeshaanza kupiga kelele,
inalipa deni la siku mbili.
Naiacha ipige.

Mlangoni mama wa Nkuhungu, gauni mwilini,
mkono mmoja haushuki.
"Fundi, linanibana. Upande huu tu, wa kulia."

Natazama. Shavu lake lipo, zuri, lina kidoti.
Navuta kigoda.
Kaa, mama, nikueleze,
huku nalifumua.