Kiti Kimoja, Watu Wawili

Tiketi yake ina jina kamili, Nyemo Chilongani,
lakini kiti hana. Kiti chake ni mimi.
Wiki kumi na moja duniani,
kilo tano na robo kwenye mizani ya Makole,
na tayari ana mkoba mkubwa kuliko wangu.

Kwenye ukaguzi, askari aliuchambua:
nepi, kanga tatu, chupa ya chai,
kifuko cha unga wa mlenda
alichokishona mama mkwe kwa uzi mweusi.
"Hii nini, dada?"
Mlenda.
Akanusa. Akatabasamu kama mtu wa Bahi.
"Pita."

Muuguzi alisema: ndege ikipanda, mnyonyeshe,
akimeza, masikio yatazibuka.
Alisema kana kwamba mtoto anasoma ratiba.
Pangaboi zikaanza kuukoroga upepo,
vumbi la uwanja likasimama wima,
nikamtolea ziwa, akaligeuzia kisogo.
Nikambembeleza. Akakaza midomo.
Tukaiacha ardhi ya Dodoma yeye akilia,
mimi maziwa yakinichuruzika hadi kiunoni,
na abiria wa 7C, mwenye tai na faili la vikao,
akatazama saa yake
kana kwamba kilio nacho kina saa ya kufunga.

Nilitaka kumwambia: kaka, hata mimi ni mara ya kwanza.
Hata mimi masikio yananiuma.
Nimemeza tu, kwa kuwa sina wa kunipakata.

Mama alinibeba njia hii kwa gari moshi,
daraja la tatu, usiku kucha na mchana wake,
magunia ya vitunguu vya Singida miguuni,
akinipepea kwa kipande cha boksi.
Kila stesheni, husimulia, nililia kilio tofauti:
Gulwe njaa, Kilosa joto,
Morogoro nikanyamaza, ndipo akaogopa.

Leo ni saa moja tu. Chini, bwawa la Hombolo
limebaki kioo cha kujipakia wanja,
na mashamba ya zabibu ni mistari ya daftari
la mtoto aliyeanza shule juzi.
Nikamwelekeza dirishani. Hana habari.
Anakitazama kishikizo cha blauzi yangu.

Kisha, juu ya mawingu, akapiga mwayo
mkubwa kuliko mdomo wake.
Kitu kikazibuka. Akashangaa.
Akalitafuta ziwa mwenyewe,
akanyonya kama anayedai deni.

Yule wa 7C akainama, akaokota soksi iliyodondoka,
akaishika kiganjani muda mrefu
kabla ya kunirudishia.
"Wangu yuko kidato cha nne," akasema.
Hatukuongea tena.

Dar ilitupokea kwa jasho.
Kwenye choo cha uwanja nilimfuta kwa kitambaa chenye maji,
na katika mikunjo ya shingo, yanakojificha maziwa,
nikakuta uzi mwembamba wa vumbi jekundu.

Nikafuta upande mmoja.
Upande wa pili nikauacha,
auone baba yake,
ambaye tangu azaliwe hajafika kwetu.