Thelathini na Moja

Bohdana anaanzia mwisho, kama Vratislav:
lita ishirini za bia ndani ya pipa.
Kisha anarudi kinyumenyume.
Kilo tano za kimea cha shayiri zitakunywa tano,
na machicha hayalipi deni.
Saa nzima ya kuchemka: tatu zitapanda na mvuke,
zigande kwenye kioo cha gereji
huku nje theluji ya Jihlava ikiizika baiskeli.
Mbili zitabaki chini, na hopsi, na mashapo.
Jumla thelathini.

Daftari la marehemu, kwa penseli, linasema thelathini na moja.

Anajumlisha upya. Anatumbukiza fimbo yenye alama.
Anapima kimea tena, gunia na yote, kisha gunia peke yake.
Thelathini.
Na mtu mwenyewe alikuwa fundi wa mita za maji!

Basi anamimina ile moja. Kwa heshima tu.

Adhuhuri, togwa ikichujika, mkono wake
unalifuata jagi la bluu lenye pengo,
unakinga: moto, tamu, rangi ya asali.
Jagi hilohilo alilokuwa akiletewa cherehanini
kila Jumamosi ya kupika,
naye akidhani ni masalio.