Meno Matatu Nyuma

Jumamosi, Duluth, mwezi wa kumi na moja,
chuma kinauma vidole kupitia glavu.
Mtaa wetu umesimama wima kama ukuta;
chini kabisa ziwa limekunja uso
na meli ya madini inapita bila haraka.

Subaru iko juu ya stendi mbili, makalio hewani.
Diski za zamani nimezipiga nyundo hadi zikaachia,
zimemwaga kutu sakafuni
nyekundu kama pilipili ya kusaga.
Mpya zinang'aa. Kalipa zimerudi, bolti zimekazwa.
Nikadhani nimemaliza.

Nikavuta hendibreki: tak, tak, tak,
kumi na mbili, kumi na tatu,
mkono ukanifika mbavuni
na gurudumu bado likazunguka kwa kidole kimoja,
kama halikusikia.

Mwaka jana ningekaza waya.
Ndivyo nilivyofanya mwaka jana:
nilifungua kisanduku katikati ya viti,
nikakaza nati hadi mwisho wa nyuzi zake,
nikajipongeza, nikaenda kulala.
Usiku wa manane gari likashuka lenyewe,
kimya kimya, kama mtu anayekimbia deni,
likavunja sanduku la barua la Gunhild Tveit,
lile alilolichora marehemu mumewe:
bata wawili, na jina lao la ukoo.
Nilinunua jingine. Alilipokea.
Tangu siku hiyo ananisalimu kwa kidevu.

Basi leo nimelegeza waya kwanza, nimelala chali.
Ndani ya diski kuna ngoma ndogo,
ndani ya ngoma viatu viwili
visivyokwenda popote, vilivyoumbwa kukataa safari.
Nilivibana ndani ili diski kuukuu itoke,
nikasahau kuviita warudi nje.

Nang'oa kizibo cha mpira, namulika tochi,
nazungusha diski hadi tundu likutane
na kile kigurudumu chenye meno.
Kazi yangu ya mchana ni kutengeneza meno bandia.
Najua jino likizidi unene wa karatasi
mtu hafungi mdomo, wala halali.

Bisibisi bapa. Jino moja. Jino la pili.
Inateleza. Nalaani kwa Kifini cha bibi yangu,
maneno matatu, ndiyo urithi wote alioniachia.
Jino la kumi na tisa: gurudumu limekwama,
halisogei hata kwa mikono miwili.

Ungependa kuishia hapo.
Lakini ukiliacha hivyo litaunguza viatu,
litanuka kabla hujafika darajani.
Rudi nyuma. Jino moja. Mawili. Matatu.
Zungusha, sikiliza:
shh,
shh,
kama ufagio kwenye chumba cha jirani.
Hapo.

Upande wa kulia ulitaka ishirini na mbili.
Sijui kwa nini. Sikuuliza.

Ndipo waya, kidogo tu, mizunguko miwili ya nati.
Tak sita, mkono ukasimama.

Nimelipeleka gari juu ya mtaa,
pua mbinguni, makalio yakitazama sanduku la barua.
Navuta. Gia huru. Naondoa mguu taratibu,
kama mtu anayetoka chumba alimolala mtoto.
Gari linakaa kitako, inchi moja hivi, linatulia.
Natoka. Nasimama kando, pumzi inafanya moshi.

Pazia linasogea.
Gunhild anatoka na buti za mumewe,
mkononi kipande cha gogo la msonobari;
anakiweka nyuma ya tairi, anakipiga teke kiingie.
Kisha anaegemeza bega kwenye mlango wa nyuma,
miaka sabini na sita, anasukuma.
Halikwenda.

"Milio mingapi?"
"Sita."
"Ya Arnulf ilikuwa minane," anasema,
anajipangusa kutu ambayo haipo,
na hakurudi ndani.